Fungu la Jicho

Mtu akikuuliza nchi ya Karibuni iko wapi, usihangaike kumchorea ramani. Mwambie aende na kiu yake. Akifika mahali ambapo kabla hajamaliza kutoa salamu amekwisha kuoshwa miguu na kushikishwa kikombe, ajue amefika, na ajihadhari. Tawakali hakuambiwa ajihadhari. Yeye aliambiwa tu kwamba anahitajika.

Huyu Tawakali Mbarawa alikuwa mpima maji, na kwao alijulikana kwa mambo mawili: kipimo chake hakina ubishi, na mkono wake haupokei cha mtu. Wenye visima walikwisha kumfuata na mbuzi, na kanzu, na hata kiwanja, wakarudi navyo vilevile, mbuzi akilia njia nzima. Kwa hiyo Wakaribuni walipotuma ujumbe kuomba mtu asiyehongeka, hakuna aliyetafuta jina la pili. Tawakali akaenda kifua mbele. Alikuwa amejiandaa kukataa bahasha, na alizoea kukataa bahasha. Masikini, hakujua kwamba bahasha ndiyo hongo rahisi kuliko zote kuikataa.

Mji mkuu wa Karibuni unaitwa Jichoni, kwa sababu umejengwa kuzunguka jicho la maji. Katikati kabisa ya mji, chini ya jabali, maji matamu hububujika kutoka ardhini, yakajaa katika bwawa, kisha yakatoka kwa kijito kuteremka hadi mtaa wa Bondeni. Lakini kabla hayajatoka bwawani, mifereji huyachota kuyapeleka kwenye nyumba za mtaa wa Juu. Kila nyumba ya Juu ina bomba mbele ya mlango, na bomba hilo halifungwi kamwe. Ipo Sheria ya Mlango Wazi isemayo kwamba kufunga koki ni sawa na kumfungia mgeni mlango usoni. Mwenye kufunga huitwa kwenye Wizara ya Mapokezi aeleze ana ugomvi gani na wapita njia. Wapita njia wenyewe si wengi, kwa kuwa barabara zina tope mwaka mzima.

Lakini wahenga wa nchi hiyo hawakuwa wajinga, tuwape haki yao. Waliliona jicho la maji kuwa kiumbe kama kiumbe kingine, lina haki ya kubakiziwa, na wakaweka sheria kwamba kabla ya mtu yeyote kuchota, litengewe kwanza fungu lake. Hayo ndiyo maji yanayopaswa kupita mdomo wa bwawa na kushuka na kijito, wala hayaguswi na mfereji wa mtu. Hupimwa kwa mwili. Mtu akisimama mdomoni mwa bwawa, maji yamfike hapa, basi. Yakipungua, mifereji ifungwe.

Yamfike wapi? Hapo ndipo penye kazi. Mwenyeji hawezi kusema, maana kila mwenyeji ana bomba lake. Na hata angeweza, hakuna Mkaribuni aliyezaliwa awezaye kumwambia jirani yake, "Ndugu yangu, punguza." Afadhali afe na kiu kuliko kufa kwa aibu hiyo. Basi sheria ikasema fungu la jicho litatajwa na mgeni. Mgeni hana bomba, hana shamba, hana shangazi wa kumnong'oneza. Na kwa kuwa katika nchi ile mgeni hakosei, akishalitaja limetajika.

Ukiisoma sheria hiyo utaipenda. Kasoro yake ni moja tu, kwamba mgeni huyo kabla hajasema ni lazima kwanza akaribishwe.

Waziri wa Mapokezi, Bwana Takrima, alimpokea Tawakali nyumbani kwake mwenyewe, nyumba iliyo karibu na jicho kuliko zote. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale. Hakutaja kitu. Tawakali alisubiri kwa hamu aahidiwe chochote ili akatae kwa hasira, na hakuahidiwa hata kokwa ya tende. Badala yake, kila asubuhi, mama mzazi wa waziri, Bi Rehani, ajuza aliyepinda mgongo, alimletea beseni, akapiga magoti kwa taabu na kumwosha miguu.

"Mama, niache, nitajiosha mwenyewe," Tawakali alisema siku ya kwanza, huku akivuta mguu.

"Unanikatalia nini, mwanangu? Mikono yangu michafu?"

"La hasha, mama."

"Basi tulia. Huko kwenu mama yako akijua umefika kwa watu ukaoga mwenyewe, atatuonaje?"

Akatulia. Utamfanyia nini mwanamke mzee aliyepiga magoti mbele yako? Maji yalikuwa baridi, yenye majani ya mrehani, na baada ya asubuhi chache Tawakali akajikuta anaamka mapema kuyasubiri. Bi Rehani alimsimulia habari za marehemu mumewe na za mgongo wake unaouma, akamwita mwanangu, na Tawakali akamwita mama kwa moyo mmoja. Hakuna sheria ya rushwa duniani inayokataza jambo kama hilo.

Kazi yake aliifanya. Alishinda kwenye jicho akipima maji yanapotoka na yanapoishia. Pale mdomoni mwa bwawa ndipo walipowekwa wageni wote wa zamani, kwa heshima, wamechongwa kwa jiwe, wamesimama safu moja ndani ya maji. Kila mmoja alichongewa mstari mwilini pale alipotaja. Wa kwanza alikuwa na mstari kiunoni. Wa pili alikuwa nao pajani. Aliyefuata, juu kidogo ya goti. Wa mwisho alichongewa katikati ya muundi, naye alikuwa anatabasamu. Maji ya siku hiyo hayakufikia hata mstari wa huyo.

"Wote hawa walikuwa watu waaminifu?" Tawakali aliuliza.

"Waaminifu mno," alijibu Bwana Takrima. "Hakuna aliyechukua hata senti. Sisi hatuleti watu wa ovyoovyo."

Tawakali aliwatazama akawadharau kimoyomoyo. Vipimo vyake vilikuwa wazi: goti. Maji yakifika gotini pale mdomoni, kijito kitafika Bondeni kikiwa hai, vyura na samaki wake watazaa, na jicho lenyewe halitazibwa na mchanga. Chini ya goti, kijito kitafia njiani. Akaazimia kusema goti, na akajiona tayari amesimama peke yake, mwenye mstari mahali panapostahili.

Ndipo akataka kuiona Bondeni. Bwana Takrima alisita, kisha akampa mtumishi wa kumsindikiza, akamwomba radhi mapema kwa lolote ambalo angekutana nalo.

Huko Bondeni watu walikuwa wamepanda magimbi na mchicha kando ya kijito, na kijito chenyewe kilikuwa kimekonda hata bata waliokuwamo walitembea badala ya kuogelea. Mkubwa wa mtaa alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Mwanakele, mpana wa mabega, kanga kaikaza kiunoni. Alimpa Tawakali kigoda na salamu nzuri. Kisha akakaa. Jua lilikuwa kali, Tawakali amekauka koo, naye Bi Mwanakele hakuinuka kuleta maji.

Mtumishi alikohoa mara mbili kwa aibu. "Bi Mwanakele, mgeni hajanywa."

"Namwona. Na wala hatakunywa kwangu."

"Astaghafiru!"

"We kohoa tu mpaka mapafu yatoke," alisema Bi Mwanakele, kisha akamgeukia Tawakali. "Usinione sina adabu, baba. Huko Juu umekunywa kwa kila mtu. Nikikunywesha na mimi, utakuwa na deni langu juu ya madeni ya wale. Nataka papatikane nyumba moja ambayo huna deni nayo. Ukiwa huna deni utaweza kusema."

"Mimi sina deni na mtu," alisema Tawakali, na sauti yake ilitoka kavu kuliko alivyotaka.

"Haya. Basi nisikilize. Kuna sheria nyingine hapa kwetu, Sheria ya Makazi. Mahali ambapo hakuna maji yapitayo si mahali pa kukaa watu, kwa sababu hapawezi kukaribisha mgeni. Kijito kikikata, wanatuhamisha. Mimi nimezaliwa hapa, na mama yangu nimemzika pale nyuma ya yale magimbi. Kiduchu tu kikipungua tena, tumekwisha."

"Hakitapungua. Nitasema goti."

 "Waliokutangulia nao hivyohivyo," alisema Bi Mwanakele, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Tawakali alirudi Juu amekasirika. Hakukasirika kwa ajili ya Bondeni. Alikasirika kwa kunyimwa maji na kufananishwa na watu wa mawe. Laiti angejiuliza mbona kunyimwa kikombe kimoja kumemuuma hivyo.

Siku ya Baraza Kuu ilipofika, wajumbe walikaa katika ukumbi wenye mabomba ukutani, yote yakitiririka, hivi kwamba kila asemaye alilazimika kupaza sauti. Ilikuwa desturi wajadiliane kwanza, ingawa mjadala wao hauna nguvu yoyote kisheria. Waliupenda kwa sababu hiyohiyo.

"Maji yanayopita bila kunywewa na mtu ni maji yaliyopotea," alifungua mjumbe mmoja. "Kuyaacha kijitoni ni ubadhirifu."

"Nasikia kuna vyura wanayategemea," alisema mwingine. "Naomba kuuliza, chura anamkaribisha nani? Aliwahi kumpa nani kikombe?"

Wakapiga makofi. Akasimama msomi mmoja mwenye miwani, akasema yeye hana tatizo na goti, ila sheria haijafafanua ni goti la nani. Hoja hiyo iliwashika. Wakamwita bawabu wa Baraza, aliyekuwa mrefu kama mnazi, na karani mmoja mfupi, wakawasimamisha pamoja ukumbini, suruali zimekunjwa, wakalinganisha magoti yao kwa muda mrefu na kwa makini sana. Mjumbe mmoja akapendekeza wachukue la karani kwa kuwa ndilo la kizalendo zaidi. Mwingine akataka kujua kama mtu anaweza kupimwa akiwa ameketi. Wengine wakadokeza kwamba jicho limeitwa jicho tangu enzi, nalo litaendelea kuitwa jicho hata likikauka, kwa hiyo heshima ya nchi haimo hatarini.

Tawakali alibana midomo, akiwacheka ndani kwa ndani. Nyuma ya ukumbi, penye mlango, watu wa Bondeni walikuwa wamesimama. Alipomwona Bi Mwanakele, alimwinamia kichwa kidogo, kama kumwambia, usiwe na hofu.

Kisha Bwana Takrima akainua mkono, kukawa kimya isipokuwa mabomba. "Sasa mgeni wetu atasema."

Desturi yao ni kwamba mgeni husema akiwa anamiminiwa maji mikononi, na hayaachwi kumiminwa mpaka ataje. Anayemimina ni mwenyeji wake. Pazia likafunuliwa, akaingia Bi Rehani, amebeba birika la shaba lililojaa pomoni, zito kuliko yeye. Akasimama mbele ya Tawakali, akalielekeza, maji yakaanza kumtiririkia mikononi.

Tawakali alifungua kinywa kusema goti. Akaona mikono ya yule mama inatetemeka. Tangu asubuhi ile ya kwanza alijua jinsi mgongo unavyomtesa. Akajua pia, kwa kuwa alikwisha kupima, kwamba bomba la kwanza kufungwa litakuwa la nyumba yake, iliyo karibu na jicho kuliko zote. Akawaza ajuza huyu akiamka kesho na kukuta mlango wake umekauka kwa neno la mtu ambaye yeye alimwosha miguu kwa mikono yake. Bi Rehani hakumwomba kitu. Alimtazama tu, akamtabasamia, jasho linamtoka, birika linacheza.

"Sema tu, mwanangu," alinong'ona. "Lolote utakalosema ni jema."

Lau angemlilia, Tawakali angekataa. Lau mwanawe angemtisha, Tawakali angefurahi. Lakini kwa hilo la kuaminiwa hakuwa na kinga. Alitaka tu birika lile liwekwe chini.

"Goti," alianza. "Goti ndilo linalofaa kwa siku za baadaye. Kwa kuanzia, na kwa kuzingatia hali halisi..." Alisikia maneno yakimtoka laini, yamepangika, kama ya mtu mwingine. "Kwa kuanzia, kisigino."

Birika likashushwa. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, wajumbe wakakumbatiana, Bi Rehani akamshika Tawakali uso kwa mikono yake iliyolowa. Na kwa kuwa katika nchi ile kutompigia makofi mgeni ni utovu wa adabu, watu wa Bondeni nao walipiga. Tawakali alimwona Bi Mwanakele akipiga makofi polepole, uso wake hauna chochote. Hakuwahi kuona makofi yakipigwa namna ile.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka kwa sababu yalikuwa halali. Mchongaji alikuja kumpima kisigino, akamsifu kwa umbo lake zuri. Mifereji ya Juu ikapanuliwa. Kijito kikajivuta nyuma kama konokono aliyeguswa pembe, na tangazo likabandikwa kwamba Bondeni si mahali tena.

Tawakali hakuweza kula. Miguu ilipooshwa alitazama ukutani. Mwisho akaenda Wizarani, akasimama mbele ya Bwana Takrima na kusema, "Mheshimiwa, nimekosea. Ni goti. Nilijua ni goti na nikasema kisigino."

Waziri alicheka kwa upendo. "Mgeni hakosei."

"Nimekosea, nakwambia!"

"Ndugu yangu, keti. Ukiwa mgeni, huwezi kuwa umekosea. Na usipokuwa mgeni, huna mamlaka ya kutaja fungu. Sasa utalirekebisha ukiwa nani?"

"Nifanyeje niache kuwa mgeni?"

"Ah, hilo!" Bwana Takrima alifuta machozi ya kicheko. "Mgeni huacha kuwa mgeni siku mwenyeji atakapomtukana usoni. Lakini nani atakutukana wewe? Hii ni nchi ya watu waliolelewa."

Tawakali alitoka akashuka Bondeni moja kwa moja. Alikuta watu wanahama. Magimbi yameng'olewa yakiwa machanga, milango imetolewa kwenye bawaba zake, mikeka imefungwa. Walipomwona wakasimama, wakampa salamu, mmoja akampangusia kigoda. Hakuna aliyemnunia. Huo ulikuwa uungwana wa kumchoma mtu mpaka kwenye mfupa.

Akamwendea Bi Mwanakele aliyekuwa anakunja kanga. "Nitukane," alimwambia.

"Nini?"

"Nitukane, mbele ya watu. Ukinitukana nitakuwa mwenyeji. Fungu siwezi tena kulirudisha, najua. Lakini sitaki kuondoka hapa nikiitwa mtu mwema."

Bi Mwanakele aliweka kanga chini. "Maji mmechukua," alisema taratibu. "Nyumba mmechukua. Mama yangu namwacha hapo nyuma, sijui nani atampalilia. Kilichobaki ni adabu yangu, ndiyo naondoka nayo. Na hiyo nayo waitaka, ili upate kulala usingizi?"

 Tawakali alikuja kutubu, kumbe amekuja kuomba tena. Aibu aliyokuwa nayo mpaka hapo aliiona ilikuwa ya kitoto. Akainama kuchukua furushi lililokuwa karibu, angalau asaidie, mzee mmoja akamnyang'anya kwa upole. "Mgeni habebi, bwana." Akashika mkeka, ukachukuliwa. Akashika sufuria, ikachukuliwa. Akabaki amesimama mlangoni, mikono inaning'inia, asijue pa kuiweka.

Ndani, Bi Mwanakele na shemeji yake walikuwa wanatoa kitanda cha kamba, kile alichofia mama yake. Kikakwama. Wakakigeuza, kikakwama tena. Shemeji kaponyokwa, mguu wa kitanda ukamwangukia Bi Mwanakele kidoleni. Akainua uso wenye jasho na machozi ya siku nyingi, na mbele yake, akimzibia mlango wa nyumba yake mwenyewe, akamwona Tawakali.

"Toka njiani!" alipiga kelele. "Mwoga mkubwa we! Umetuuza kwa kuoshwa miguu, na bado unatuzibia mlango!"

 Watu walisimama na mizigo vichwani, vinywa wazi. Bi Mwanakele akajiziba mdomo kwa kiganja. Yule mzee alikaa chini juu ya furushi lake, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Bi Mwanakele aliushusha mkono. Aliutazama mlango, akakitazama kitanda, akamtazama Tawakali, ambaye hakusogea wala hakujitetea, machozi yanamshuka hadi ndevuni.

"Haya, usisimame hapo," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Shika huko miguuni. Inua, usiburute, kamba zitakatika."

Tawakali akainama, akashika. Kitanda kilikuwa kizito, na njia ya kutoka Bondeni ilikuwa ndefu na ya kupanda. Walipita nacho mtaa wa Juu, mbele ya mabomba yote, na tangu aingie nchi ile ndiyo siku ya kwanza hakuna aliyemwambia karibu.